Hajji, usiliwashe kabla hatujafika

Niliweka kiganja juu ya boneti, pale penye tundu la kupitishia hewa, nikakiondoa.

Bati lilikuwa moto.

Ilikuwa asubuhi mapema, Bombo, kaskazini mwa Kampala, umande haujakauka kwenye migomba, na gari lilikuwa uani nusu yake ikiwa bado chini ya turubai. Toyota Starlet Glanza V, nyeupe, milango mitatu, injini yenye turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa zaidi. Tulikuwa tumepatana kwa simu kwamba tutafika mapema, na Hajji alitupokea langoni akitabasamu, kanzu yake ikiwa bado na mikunjo ya pasi.

"Karibuni. Nimeshaliwasha, msipoteze muda wenu."

Fundi wangu hakujibu. Alitoa kitambaa mfukoni akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Ungekuwa unanunua Premio ya kwendea kazini, ungemshukuru mzee ukaketi kwenye usukani. Lakini injini yenye turbo iliyotoka kiwandani miaka ya tisini huwa inasema ukweli wake dakika ile ya kwanza, ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja ukapotea: oili imechuruzika usiku kucha kupitia sili za valvu. Moshi mweupe mzito, wenye harufu tamutamu, usiokwisha: maji yanaingia mahali pasipo pake, na hapo anza kuhesabu pesa za gasketi ya hedi. Pistoni zinazogonga kisha zikanyamaza injini ikishapata joto: zimechakaa. Ukiikuta injini imeshapashwa, mengi ya hayo yamejificha. Kila dalali wa Kampala anajua hilo, na kila mnunuzi aliyewahi kuumwa anajua kwamba dalali anajua.

Kilichonikaa kichwani wiki kadhaa baadaye hakikuwa moshi. Ni hili: unamwambiaje mtu wa rika la baba yako, aliyetoka kuswali, aliyekutandikia mkeka na kukumiminia chai ya tangawizi, kwamba unataka kurudi siku nyingine na yeye asiguse ufunguo?

Hakuna jingine linalokuja

Mtaniuliza kwa nini nisiagize Japani. Haiwezekani. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Glanza zilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 1999, kisha Toyota ikaleta Vitz na ukoo wa Starlet ukaishia hapo. Kwa hiyo zilizopo Uganda ni zile zilizowahi kupita Mombasa na Malaba mlango ukiwa wazi. Hazizaliani. Moja ikigonga mti kwenye msitu wa Mabira, siku chache baadaye utaziona taa zake zinauzwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala.

Hilo linambadilisha mnunuzi. Ukiikosa Premio leo, kesho bondi za Nakawa, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, zina nyingine kumi. Ukiikosa Glanza nzima, unaanza kujidanganya mwenyewe. Unaona kutu chini ya zulia la buti unaiita vumbi.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: watoto wataingilia wapi? Nikamwonyesha jinsi kiti cha mbele kinavyokunjwa. Hakuridhika, na hadi leo sijapata jibu zuri zaidi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuketi ndani yake: injini ni ya sentimita za ujazo 1331, jina lake 4E-FTE, ina turbo ndogo iitwayo CT9 na nguvu za farasi 135, ndani ya kigari cha kilo mia tisa na ushee. Hakuna kompyuta ya kukusaidia gari likitaka kuteleza. Mambo hayo ndiyo yaliyoniteka nikiwa kijana, nikiangalia vijana wa mjini wakizipitisha Bombo Road usiku. Sasa nina mvi kidogo na akiba kidogo. Sababu nyingine sina, na sioni haja ya kuitafuta.

Tundu lisilopuliza kitu

Kabla ya Bombo nilikuwa nimeona nyingine. Ndeeba, kwenye uwanja wa mtu ambaye simtaji, kulikuwa na nyekundu inayong'aa, nembo ya V nyuma, boneti yenye tundu. Fundi alifungua boneti akacheka mpaka akainama.

Ni hivi. Kulikuwa na Glanza V yenye turbo, na Glanza S isiyo na turbo. Umbo zinafanana sana, na hata namba za chasisi za zote mbili zinaanza na EP91, kwa hiyo anayekuambia "angalia chasisi tu" hajui au hataki ujue. Kwenye V, kipoza hewa, yaani kile kinachopoza hewa inayotoka kwenye turbo, kinakaa juu ya injini, na lile tundu la boneti lipo ili kukipulizia upepo gari likienda. Ile ya Ndeeba haikuwa na kipoza wala turbo. Tundu lilikuwa linapulizia upepo kifuniko cha plagi. Mtu alinunua boneti, akanunua nembo, akapandisha bei.

Pa kuangalia ni kile kibati cha kiwanda chini ya boneti. Kimeandikwa Kijapani, lakini jina la injini liko kwa herufi zetu: 4E-FTE, au 4E-FE. Herufi T moja ndiyo inabeba mamilioni. Kisha ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe, maana kibati kinaweza kusema kweli na injini ikawa imekwisha kubadilishwa zamani.

Wapo wanaochukua S wakaitia turbo bila kubadilisha kitu kingine. Itakwenda, tena kwa kelele. Lakini injini ya turbo ilibuniwa ikandamize hewa kidogo ndani ya silinda, kwa kuwa hewa inaingia ikiwa imeshasukumwa. Ile nyingine inakandamiza zaidi. Ukiongeza turbo juu yake, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, na pistoni inapasuka penye mifereji ya ringi. Mwenye gari atasema petroli ilikuwa mbaya.

Nyeupe ya Bombo ilikuwa V kweli. Kibati, injini, kipoza, vyote vilikubaliana. Ndiyo maana lile joto la boneti liliniudhi sana.

Gari halina dini

Tulikunywa chai. Tukazungumza habari za mvua, habari za barabara, habari za mwanawe aliyekwenda Doha kufanya kazi na ndiye mwenye gari. Nikameza, nikasema.

"Hajji, tunaomba turudi siku nyingine. Na siku hiyo, tafadhali, usiliwashe kabla hatujafika."

Aliweka kikombe chini.

"Kwa nini?"

"Tunataka kulisikia likiwa baridi."

"Nimekwambia halina tatizo."

"Ndiyo, Hajji."

"Sasa mwanangu, nimetoka msikitini, nikudanganye kwa sababu ya gari?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema hapana, simtuhumu, kwa nini basi nirudi? Nikisema lazima nirudi, nimeshamtuhumu mbele ya mjukuu wake aliyekuwa ameegemea mlango akisikiliza.

Fundi ndiye aliyetutoa. Ni kijana wa Busia, ana ulimi. "Hajji, wewe hatuna neno nawe. Wewe una dini. Turbo haina."

Mzee akacheka, lakini si sana. Tukaagana.

Njiani kurudi Kawempe nilikuwa na maelezo mawili kichwani. La kwanza, anaficha kitu. La pili, ni ukarimu tu: mgeni anakuja kuona gari, unamwashia, kama vile unavyowasha taa za sebuleni. Nilihama kutoka hili kwenda lile kila nilipolala. Na kila nilipoegemea la pili niliona aibu, na kila nilipoegemea la kwanza niliona mimi ni mtu mwerevu wa mjini. Sikupenda hisia yoyote kati ya hizo mbili.

Huku kwetu mtu hanunui kitu kabla hajamnunua muuzaji. Kiwanja, ng'ombe, simu iliyotumika: swali la kwanza ni "mwenyewe ni nani?" Anatoka wapi, anaswali wapi, nani anamjua. Si ujinga huo. Hati zimeghushiwa, namba za kilomita zimerudishwa nyuma, stempu zinachongwa mjini ukingoja. Mtu mwenye jina la kulinda ndiye dhamana pekee iliyobaki, na mara nyingi inatosha.

Ila dhamana hiyo inamhusu mtu. Haiingii ndani ya silinda. Mwongo anaweza kukuuzia gari zima kwa sababu hakupata muda wa kuliharibu, na mkweli anaweza kukuuzia gonjwa kwa sababu hajui linaumwa. Tumezoea kuviweka hivi viwili mfuko mmoja kiasi kwamba kukagua mashine kunaonekana kama kumkagua mwenyewe. Hajji hakukasirika bure. Kwa desturi zetu, nilikuwa kweli nimemuuliza kama ni mwongo.

Na bado ningeuliza tena.

Oili inayoongezeka

Alitupigia yeye. "Njooni Jumamosi, alfajiri. Sijaligusa."

Tulifika watu wakitawanyika kutoka msikitini. Boneti ilikuwa baridi, imelowa umande. Kabla ya kuwasha, fundi akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena, akakinyanyua kwenye mwanga wa simu.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Si kidogo.

"Unaona?" Hajji akasema kwa fahari. "Gari hili halili oili. Linaongeza."

Fundi akakisogeza kijiti puani. Akanipa na mimi. Kisha, kwa heshima, akampa mzee.

"Inanuka nini, Hajji?"

Mzee akanusa. "Petroli."

"Ndiyo."

"Si ni gari la petroli?"

Hakuna aliyecheka. Fundi akachuchumaa, akamuuliza polepole huwa analiwasha mara ngapi. Kila siku, Hajji akajibu. Kila siku baada ya alfajiri, tangu kijana asafiri. Kijana alimwachia maagizo: Baba, liwashe lisife, na ukiliwasha usilizime haraka, turbo inataka kupumzika. Basi yeye hulikalisha likinguruma huku anamaliza tasbihi, kisha analizima. Kuliendesha hajawahi. Klachi ni nzito kwa goti lake.

Maelezo ya tatu, ambayo hayakunijia usiku hata mmoja.

Agizo la kutozima haraka ni sahihi, ila ni la gari lililotoka kukimbizwa. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukizima ghafla ukiwa umewaka moto, mzunguko wa oili unakatika na ile iliyobaki inaungulia pale pale. Lakini gari linaloamshwa baridi kila asubuhi bila kwenda popote linapata madhara mengine. Injini baridi inamwagiwa petroli ya ziada ili isizimike. Sehemu yake haiungui, inateleza kando ya pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Safari ndefu ingeipasha oili vya kutosha petroli ikaruka kama mvuke. Bila safari, inabaki, inarundikana, oili inakuwa nyepesi, na ule utando unaobeba turbo unakosa nguvu.

Miaka yote hiyo Hajji alikuwa akitimiza neno la mwanawe, na kila asubuhi akipunguza kidogo kile alichokuwa anakitunza.

Nani wa kumwambia? Fundi aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia fundi. Mwishowe tulisema tu kwamba oili imezeeka, tungependa kuibadilisha kabla ya kuliendesha, kwa gharama yetu. Mzee si mjinga. Alikishika kile kijiti muda mrefu.

"Kwa hiyo nimeliharibu."

"Hatujui bado, Hajji. Ndiyo tunataka kuangalia."

Liliwaka kwa mkupuo mmoja. Moshi wa bluu kidogo, ukapotea. Sili za valvu, jambo la kutegemewa kwa umri wake. Moshi mweupe ulikuwa mvuke tu, haukuwa na utamu. Fundi akalizima, akamwaga oili ya zamani, ikatoka nyepesi kama chai ya rangi, akaweka mpya na chujio jipya. Kisha akafungua bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, akaushika mhimili kwa vidole viwili. Ukicheza kidogo kwenda juu na chini, ni kawaida. Ukicheza kwenda mbele na nyuma, umeshakula kuta zake. Huu ulicheza juu na chini, kidogo zaidi ya nilivyopenda. Mbele na nyuma, hapana.

Kipimo cha kompresheni, yaani mkandamizo wa hewa ndani ya silinda, kilitoa namba za chini kuliko zile za kitabu, jambo la kutarajiwa kwenye mwinuko wetu. Muhimu ni silinda nne zikubaliane, nazo zilikubaliana.

Kuelekea Wobulenzi

Niliendesha mimi, fundi kando, Hajji nyuma. Alikataa kubaki. Aliingia kwa taabu kupitia mlango wa mbele, magoti yakafika kifuani.

Barabara ya Gulu ina matuta kila penye kituo cha biashara, kwa hiyo gari la namna hii unalionja vipande vipande. Chini ya mizunguko elfu mbili na nusu kwa dakika ni Starlet tu, unaweza kwenda nalo sokoni. Ukilikanyaga kwenye gia ya tatu, kwanza hakuna kitu. Kisha unasikia mluzi mwembamba, usukani unaanza kukuvuta mikono kwa sababu magurudumu ya mbele yanafanya kazi mbili kwa pamoja, kuvuta gari na kulielekeza, na lori lililokuwa mbali liko mbele ya pua yako.

"Subhanallah," sauti ikatoka nyuma.

Miaka yote alikuwa amelisikia likinguruma. Hakuwahi kulisikia likipumua.

Kuna kitu kuhusu turbo na nchi ya vilima ambacho watu hawakitaji. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na ya Mombasa. Injini ya kawaida inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo tangu siku inapovuka mpaka. Turbo inafidia sehemu kubwa. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300, ili kuthibitisha jambo hilo hilo: mashine hii huonyesha thamani yake hewa inapokuwa adimu. Kabale ingelifaa Glanza kuliko Mombasa, ukiniuliza mimi.

Jina lililo kwenye logibuku

Bei sitaiandika, Hajji hangependa. Tulikubaliana chini ya ile ya kwanza, na yeye ndiye aliyeishusha kabla sijafungua mdomo, jambo lililonisumbua zaidi kuliko angeng'ang'ania.

Tatizo lililobaki ni karatasi. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, ina jina la kijana, na kijana yuko Doha. Baba hawezi kuuza cha mwanawe kwa kusema tu "mwanangu anajua", hata kama mwanawe anajua. Inatakiwa hati ya uwakili iliyotiwa sahihi huko aliko na kuthibitishwa, ndipo uhamisho ufanyike, kisha kuna habari ya vibao vipya vya kidijitali. Kwa hiyo nimetoa sehemu ya pesa, mkataba uko kwa wakili, na gari liko kwangu kwa ruhusa ya maandishi.

Kijana alinipigia kwa video. Alinieleza mengi ambayo baba yake hakuyajua: gasketi ya hedi ilishabadilishwa mara moja, busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, aliwahi kuipandisha akairudisha baada ya kusikia injini ikigonga. Nilimpenda kwa hilo. Nikamweleza habari ya oili. Alinyamaza, kisha akauliza kama baba yake anajua. Nikasema anajua.

"Ungemwacha tu," akasema. Sikubaliani naye, ila sikubishana naye, baba ni wake.

Hajji anapiga simu karibu kila Ijumaa. Haulizi pesa. Anauliza limefika wapi wiki hii, na ninamtajia: Mukono, Entebbe, Masaka mara moja. Safari fupi anazikataa. "Hilo ni la kwenda sokoni. Nataka refu."

Fundi naye ana yake. Anataka kuhamisha kipoza hewa mbele ya redieta na kuiongeza busti "kidogo tu". Ninamwambia gari hili lilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni kama 100, na inayouzwa kwenye vituo vyetu haifiki huko. Ananiambia ndiyo maana anataka hewa iwe baridi zaidi. Hoja yake si mbaya, na hilo linanikera. Tumekubaliana hakuna kitu kinachoguswa mpaka logibuku itoke kwa jina langu. Jana nimesikia kwamba kipoza ameshakiona Kisekka na ameshakilipia kishika bei, kwa pesa yake mwenyewe.